Nani alikupa mamlaka?

*Mwezi huu barua nyingi zimekuja juu ya vikao: vikao vya wapangaji, vya wavuvi, vya vijana waliokuwa barabarani. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa. Nimeisoma mara nne, na kila nikiisoma naona kama ningeweza kuiandika mimi.*

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza mahamri na mbaazi asubuhi hapa Mombasa. Mtaani kwetu kuna kiwanja ambacho watoto wamechezea mpira tangu sijazaliwa. Mwaka juzi tuliamka tukakuta kimezungushwa mabati, tukaambiwa kina mwenyewe na hati anayo. Tukaungana. Mwenyekiti hatukumtaka, kwa sababu kikundi kilichotutangulia kilikuwa naye. Akaitwa ofisini siku moja, akarudi na lugha nyingine. Tukasema safari hii sote ni wakubwa, na jambo halipiti mpaka tukubaliane sote. Tunakutana kila Jumamosi baada ya Alasiri, chini ya mkwaju.

Mwezi uliopita yule anayedai kiwanja alituma watu: tuache kesi na maandamano, naye atatuachia robo. Kikao kikaanza saa kumi. Ilipokaribia Magharibi sisi wanawake tukaanza kuondoka mmoja mmoja, kuna jiko na kuna watoto wa madrasa. Mimi nilitoka saa moja. Saa sita usiku walikuwa wamebaki watu kumi na mmoja, wote wanaume, wakakubaliana tuchukue robo. Asubuhi nikasoma kwenye WhatsApp: "Tumekubaliana." Nikauliza, tumekubaliana nani? Nikajibiwa: "Nani alikupa mamlaka ya kuuliza?" Msimamizi wa kundi akanitoa mimi na dada mwingine. Pesa za mchango, shilingi 43,600, ziko kwenye simu ya mtu mmoja. Vijana wanataka twende barabarani, wazee wanataka tuandike barua. Je, tuchague mwenyekiti? Na akinunuliwa kama yule?

*Muuza mahamri, Mombasa*

Marahaba, mwanangu. Swali hilo la nani alikupa mamlaka nimewahi kuulizwa mimi, na mimi ndiye niliyekuwa na kosa.

Nilipokuwa nafundisha Nairobi, nilipanga chumba katika ploti ya vyumba 64 huko Eastlands. Mwaka 2003 mwenye nyumba alipandisha kodi bila kutuambia, na choo kilikuwa kimoja kwa vyumba kumi na sita. Tukakataa kulipa nyongeza. Kama nyinyi, hatukutaka mwenyekiti. Mimi nikashika daftari kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa unasomeka. Nikalishika miaka mitatu. Hakuna aliyenichagua na hakuna aliyenikataa. Ila mwenye daftari ndiye anayeamua nini kilisemwa. Ndiye anayesoma ajenda, na asiyotaka yajadiliwe huyaweka mwisho, watu wakiwa wamechoka. Sikufanya hivyo kwa hila. Nilikuwa nafanya tu, kama mtu anayepanga vyombo jikoni kwake.

Siku moja msichana aliyekuwa akifua nguo za watu kwa malipo ya siku akasimama akaniuliza, "Mwalimu, wewe ulichaguliwa lini?" Nikamjibu kwa sauti ya darasani: hapa hakuna aliyechaguliwa, sote tuko sawa. Watu wakapiga makofi, naye akakaa. Ilinichukua miezi kuelewa alichokuwa akiomba. Vikao vyetu vilikuwa Jumapili saa nne asubuhi, saa niliyoichagua mimi kwa kuwa nilikuwa nimetoka misa ya kwanza. Saa hiyo ndiyo yeye alikuwa na beseni mbili za nguo za watu. Kila alipokuja alikuwa amepoteza ujira wa siku ili akanisikilize mimi nikisoma daftari.

Kwa hiyo nikuambie ninavyoamini, na ninaamini kwa kulipia: hakuna kundi lisilo na wakubwa. Yako yaliyowachagua wakubwa wao mbele ya watu, na yako ambayo wakubwa wake walijiotea wenyewe kama magugu. Lenu lina watatu niliowaona kwenye barua yako peke yake. Yuko mwenye simu yenye 43,600. Yuko msimamizi wa WhatsApp, ambaye kwa kidole kimoja amefanya jambo ambalo kikao kizima hakikulijadili, nalo ni kumfukuza mwanachama. Na wako wale kumi na mmoja ambao jioni ikiingia hakuna chungu kinachowangoja. Hao watatu wana mamlaka makubwa kuliko yule mwenyekiti mnayemwogopa, na hamwezi kuwaondoa, maana hamkuwaweka.

Sasa tazama jambo linaloniumiza zaidi. Wale kumi na mmoja hawakuvunja kanuni yenu. Mlisema jambo halipiti mpaka wote wakubaliane, na wote waliokuwepo saa sita usiku walikubaliana. Kanuni ndiyo iliyowatupa nje, wewe na wenzako. Kukubaliana wote ni jambo zuri sana, nimeliona likifanya kazi, lakini lisipokuwa na saa ya kufunga linageuka kuwa shindano la kukesha. Anayeshinda si mwenye hoja. Ni asiye na mtoto wa kuogesha.

Kisha kuna hili la kunyamaza. Pwani tumezoea kwamba siku ya nikaha mwali akiulizwa akanyamaza, kimya chake ni ridhaa. Tumelichukua jambo hilo tukalipeleka kwenye vikao, ambako halina nafasi. Mtu anaweza kunyamaza kwa kuwa anamdai mwenzake au anadaiwa naye. Anaweza kunyamaza kwa sababu baba mkwe wake ndiye aliyetangulia kusema. Anaweza kunyamaza kwa kuwa anataka kwenda nyumbani. Katika kikao, kimya kiulizwe kwa jina.

Nashangaa, na ninalisema kwa uchungu kwa sababu na mimi nilifanya vivyo hivyo, kwa nini tukiingia kwenye mapambano tunaacha mlangoni akili zote tulizo nazo. Wewe unauza mahamri; sina shaka uko kwenye chama cha kuchangiana pesa. Kwenye chama mna zamu, na zamu haibishaniwi. Anayechelewa analipa faini hata akiwa ndugu wa mweka hazina. Daftari husomwa kwa sauti, kila mtu na kiasi chake, na mtu akiona shilingi hamsini zimepotea anasimama na hakuna anayemuuliza nani alimpa mamlaka. Tukifiwa, kamati ya mazishi huundwa ndani ya saa moja: huyu gari, huyu chakula, huyu pesa, na baada ya arubaini kamati imekufa. Hayo ndiyo maamuzi ya watu wengi bila mfalme. Tunayajua. Lakini tukishika bango tunajifanya kama hatujawahi kukaa pamoja hata siku moja.

Umeuliza kuhusu mwenyekiti kununuliwa. Hofu hiyo ni ya kweli na wengine wameijengea nyumba nzima. Goma, upande wa Kongo, kuna vijana wa vuguvugu la LUCHA, lililoanza mwaka 2012 wakidai vitu kama maji ya bomba na kazi. Hawana rais wala mwenyekiti, na hilo walilichagua kwa makusudi, ili pasiwe na mtu mmoja wa kuhongwa au kukamatwa kazi ikafa. Nawaheshimu. Lakini Februari 2016 vijana sita wa LUCHA walikamatwa huko Goma alfajiri wakitayarisha mabango ya siku ya mgomo, wakahukumiwa kifungo. Mmoja wao alikuwa msichana mdogo, Rebecca Kabugho. Hawakuwa na cheo. Polisi hawakuhitaji mwenyekiti. Waliwakuta wale waliokesha wakiandika mabango. Kutokuwa na kiongozi kunapunguza faida ya kumnunua mtu mmoja, lakini hatari hakuiondoi. Inawaangukia waliofanya kazi. Basi hao ndio wawe wa kwanza kuulizwa jambo linapoamuliwa.

Na hapa kwetu kuna karatasi ambayo itawalazimisha kumtaja mtu. Kifungu cha 37 cha Katiba kinakupa haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Ila sheria ya utengamano wa umma inataka kituo cha polisi kipewe taarifa si chini ya siku tatu na si zaidi ya siku 14 kabla, yenye tarehe, saa, njia mtakayopita, na jina kamili na makazi ya mwandalizi. Mwandalizi ni nani katika kundi ambalo sote ni wakubwa? Nimeona vikundi vitatu vikipasuka juu ya sahihi hiyo. Kila mtu anatazama chini, halafu kijana mmoja mwenye moyo anasema leteni kalamu. Kuanzia siku hiyo jina lake liko kituoni, naye hana uwezo wa kuamua hata saa ya kuanza. Kumwachia mtu jela bila kumwachia neno ni dhuluma. Anayesaini apewe nguvu ya kuahirisha.

Kwa hiyo jibu langu: chagueni, lakini msichague mwenyekiti wa milele. Chagueni watatu kwa miezi mitatu, mmoja wao lazima awe mama anayepika jioni, na muda ukiisha wapumzike hata kama walifanya vizuri. Hasa kama walifanya vizuri. Akiitwa mtu ofisini, asiende peke yake: aende na wawili waliopigiwa kura ya vijiti pale pale, ili anayetaka kuhonga asijue mapema amhonge nani. Na watakaokwenda wapewe neno moja tu la kusema kule: "Tumesikia, tutapeleka." Wahenga walisema mjumbe hauawi. Basi na yeye asituue. Hana ruhusa ya kukubali kitu.

Pesa zitoke kwenye simu ya mtu Jumamosi hii, siyo Jumamosi ijayo. Simtuhumu mwenye simu, pengine ndiye mwaminifu kuliko wote. Namwonea huruma. Mtoto wake akiugua usiku, shilingi 43,600 za watu ziko kiganjani mwake. Fungueni akaunti ya kikundi yenye sahihi tatu, mbili zikitosha kutoa, na salio lisomwe kila kikao kabla ya dua ya kufunga.

Kuhusu robo ya kiwanja. Usiende kuwatukana wale kumi na mmoja. Pengine wamechoka na kesi, na uchovu ni hoja pia. Nenda useme: hili walilolileta ni pendekezo, tunalipokea kama pendekezo, na sasa tulijadili. Wekeni kanuni kwamba jambo la kutoa kitu kisichorudi, iwe ardhi, kesi, au neno la hadharani, halikatwi siku liliposikika mara ya kwanza. Liletwe Jumamosi moja, likalale majumbani, watu waulize wake na waume zao, likatwe Jumamosi ya pili. Aliyetuma pendekezo atawaambia ni leo au basi. Kiwanja kimekaa pale tangu hujazaliwa. Kinaweza kungoja siku saba. Kikao kifungwe kabla ya adhana ya Magharibi, na lililobaki libaki. Wekeni akidi, yaani idadi ya chini ya watu ili kikao kiweze kuamua, na katika hiyo akidi theluthi moja wawe wanawake, la sivyo ni mazungumzo tu.

Baada ya hapo mkishindwa kukubaliana wote, pigeni kura. Najua wako watakaosema kura inagawa watu. Inagawa, ndiyo. Lakini mtu mmoja anayeweza kusema "sikubali" na kuwazuia watu themanini, huyo naye ni mfalme, hata akivaa kandambili. Mwacheni apinge, andikeni kupinga kwake kwa maneno yake, kisha endeleeni.

Kuna jambo moja tu ambalo sitaki lipigiwe kura, na hapo ndipo vijana wako na wazee wako wanapogombana bure. Mwaka 1992, mwishoni mwa Februari, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, pamoja na mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai, wakagoma kula ili wana wao wafunguliwe. Tarehe 3 Machi polisi wakawavamia kwa virungu na gesi, na wako waliovua nguo zao kama laana. Wakahamia Kanisa la All Saints, wakaendelea huko kwa muda mrefu. Nilikuwa mwalimu kijana na nilizifuata habari hizo kila siku, na nilichojifunza ni kwamba njaa haipigiwi kura. Huwezi kuinua mikono kumi na tano ukamwamuru wa kumi na sita asile. Kila mama aliamua kwa tumbo lake. Sisi husema wengi wape, usipowapa watajipa. Sawa, wapeni wengi kiwanja, wapeni pesa, wapeni barua kwa gavana. Wasipewe mwili wa mtu. Vijana wanaotaka kwenda barabarani waende kama kikao kimekubali kwamba maandamano yafanyike, lakini asilazimishwe mzee kwenda wala asiitwe mwoga asiyekwenda. Na wazee wasiwe na kura ya kupeleka vijana mahali ambapo wao hawatakanyaga. Barua na barabara vinaweza kwenda siku moja. Vijana wakifika mlangoni, mzee awe ndani na barua mkononi.

Nitakuwa Mombasa Jumamosi ya pili ya mwezi ujao. Mkinikaribisha nitakuja. Sitazungumza, nipeni saa niiangalie, na ikifika saa kumi na mbili kasoro robo nitagonga sufuria.

Mwalimu, nina miaka 24, niko Nairobi. Juni 2024 tuliandamana tukisema hatuna kiongozi, hatuna kabila, hatuna chama, na tukauangusha Mswada wa Fedha wa kuongeza kodi. Baada ya hapo kila mtu akaanza kuvuta kwake. Wazee wanatuambia tulishindwa kwa sababu hatukuwa na kiongozi. Ni kweli?

*Wa Juni 25, Nairobi*

Kwanza pole. Sijui umempoteza nani, lakini kwa hesabu ya tume ya kitaifa ya haki za binadamu zaidi ya watu 50 waliuawa katika wiki zile, na mtu wa umri wako aliyekuwa mjini Juni 25, siku waandamanaji walipoingia Bungeni, hakosi jina moja moyoni.

Hapana, sikubaliani na wazee hao. Juni ile kiongozi angekuwa jeneza au mwaliko wa chai. Waliokuwa wakisikika sana walitekwa majumbani. Rais Ruto alipopendekeza kongamano la watu wasiopungua 100, nusu yao vijana, mlikataa, na kuna jambo la busara katika kukataa kule: wale hamsini wangechaguliwa na nani? Kwa mikono ipi?

Lakini na wewe niruhusu nikusumbue. Tarehe 26 Juni Rais alisema hatautia sahihi mswada. Usiku ule, na siku iliyofuata, nilikaa na mpwa wangu tukisikiliza mijadala yenu ya sauti mtandaoni. Mmoja anasema twende Ikulu. Mwingine anasema hapana, tukae nyumbani tuwaombolezee wenzetu. Mwingine anasema anayetaka Ikulu ni wa serikali. Maelfu ya watu wakisikiliza, na hapakuwa na njia yoyote ya kujua wengi wanataka nini. Kilichoamua kilikuwa bango lililosambaa zaidi. Julai 2 mkatoka tena, na mjini wakachanganyika watu waliokuja kuiba na kuchoma, na hapakuwa na mtu wala kikao chenye uwezo wa kusema, jamani, kesho tusitoke. Kutoka kulihitaji bango moja. Kusimama hakukuwa na mwenyewe. Julai 24 wanasiasa wa upinzani wakatajwa kuwa mawaziri, na nyinyi mkiwa bado mnabishana nani ni msaliti.

Hamkuwa wa kwanza. New York, Septemba 17, 2011, watu walipiga kambi katika bustani ya Zuccotti Park kupinga nguvu za mabenki. Vipaza sauti vilihitaji kibali, basi msemaji akisema sentensi, waliomzunguka wanairudia kwa pamoja ili wa nyuma wasikie. Nikiisoma habari hiyo nililia, kwa sababu ni kitendo cha heshima kuyapitisha maneno ya mtu usiyekubaliana naye kinywani mwako. Kila jioni mkutano wa wote. Mtu mmoja angeweza kuweka kizuizi, na kizuizi kikikaa walihitaji tisa katika kila kumi kukivuka. Ikaja michango iliyopita dola 500,000, na kila matumizi makubwa yakawa usiku mzima. Wakawepo wapiga ngoma ambao hawakutaka kunyamaza hata majirani walipolalamika, na mkutano ukakesha juu ya saa za ngoma wakati jiji linapanga kuwaondoa. Mwisho wa Oktoba wakakubali kuwa na baraza ambalo kila kundi la kazi linatuma mjumbe mmoja wa zamu. Ilikuwa dawa nzuri. Novemba 15, kabla ya alfajiri, polisi wakaondoa kambi. Dawa ilikuja mgonjwa akiwa anabebwa.

Ninyi mlikuwa na makundi ya kazi bila kuyaita hivyo. Wako waliotafsiri mswada kwa lugha za nyumbani, wauguzi waliofungua vituo makanisani, mawakili waliozunguka vituo vya polisi usiku, waliokusanya mamilioni ya shilingi kwa majeruhi na mazishi. Hayo yalifanya kazi kwa sababu kila moja lilijua kazi yake na lingeweza kuulizwa. Ningeanzia hapo. Kila kundi la kazi litume mmoja, wa zamu, kwa wiki mbili, asiyeruhusiwa kuzungumza na waandishi wa habari, na kazi yake iwe mbili tu: kusema leo tunatoka au hatutoki, na kusoma hesabu ya pesa. Muda wa kuliweka hilo ni sasa, kukiwa kimya. Mkilingoja lile bango jingine mtakuwa mmechelewa.

Mwalimu, sisi ni wavuvi, Kwale. Tunataka kupiga kura kama tugomee ada mpya ya kutua samaki. Wengine wanataka tunyooshe mikono, wengine wanataka kura ya siri. Ipi ni bora?

*Nahodha*

Ya siri, nahodha. Mwaka 1988 nilipanga foleni. Vijana hawaujui mlolongo: katika kura ya mchujo ya KANU, chama tawala cha wakati ule, ulisimama nyuma ya mgombea wako au picha yake, hadharani, chifu akitazama. Mgombea akipata zaidi ya asilimia 70 alipita bila hata kwenda kwenye kura ya siri. Niliona kwa macho yangu mstari mrefu na mstari mfupi, na jioni nikasikia mstari mfupi umeshinda. Lakini kabla ya hapo niliona jambo lililonitisha zaidi. Mwalimu mkuu wangu alitoka mstari mmoja akaenda mwingine baada ya mtu fulani kumtazama. Hakuambiwa neno. Alitazamwa tu.

Kwenu ufukweni mwenye boti yuko pale, na mwenye nyavu za mkopo yuko pale, na tajiri anayenunua samaki yuko pale. Kijana anayenyoosha mkono anajua kesho asubuhi nani atampa nafasi chomboni.

Hamhitaji karatasi. Tafuteni mtungi wenye mdomo mwembamba, uwekeni ndani ya banda lenye pazia. Kila mvuvi apewe punje moja ya mahindi na moja ya kunde. Mahindi ni kugoma, kunde ni kutogoma. Anaingia, anatia moja mtungini, na ile nyingine anaitupa kwenye gunia lililofungwa, ili asitoke nayo mkononi. Hesabuni watu wanaoingia, kisha mwageni mtungi juu ya mkeka mbele ya wote, na idadi ya punje ilingane na ya watu. Mtungi wa kuazima usitoke kwa tajiri.